Daftari la Chama cha Jazi

Baada ya Pasaka ya mwaka huu vijana wa parokia yetu walileta barua mbele ya halmashauri. Barua ilikuwa fupi, yenye mwandiko mzuri, na maombi yake yalikuwa mawili tu: wapewe ukumbi kila Jumamosi alasiri, nao watachanga fedha zao wenyewe mpaka wapate magitaa mawili na ngoma. Shida ilikuwa katika mstari wa juu, mahali pa jina. Walikuwa wameandika kwamba wao ni "Chama cha Jazi". Wazee wetu wakausoma mstari ule, wakaikunja barua. Mmoja wao, ambaye twamheshimu kwa kuwa ndiye aliyetufundisha katekisimu, akasema, "Wanangu, jazi ni jina la mahali pa pombe," na shauri likaishia hapo.

Sisi ndio tuliokuwa tumeshika kalamu siku ile, tukiandika maneno ya mkutano, wala si kazi ya mwandishi wa mkutano kubishana na wazee. Tuliandika "Halikukubaliwa". Walakini tangu siku ile jambo hili limetukaa moyoni kama mwiba, maana shuleni twawafundisha watoto kwamba hesabu haijibiwi kabla haijasomwa yote, nasi tulikuwa tumeijibu hii kwa neno lake la kwanza. Kwa hiyo tumeona vema kuandika juu ya vyama vya jazi vya nchi yetu, hasa vile viwili vya mji wa Morogoro, ambao taa zake twaziona usiku kutoka huku mlimani. Siku zao kuu sisi hatukuwa tumezaliwa. Twavijua kwa santuri, kwa nyimbo za zamani zinazopigwa redioni hata leo, kwa vitabu vya watu waliochunguza mambo haya, na kwa masimulizi ya wazee, ambao baadhi yao (na tuseme kweli) walicheza dansi sana kabla ya kuwa wazee wa kanisa.

Kwanza neno lenyewe. Jazi ni jina la muziki wa watu weusi wa Marekani, uliokua hasa katika mji wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini jina lilisafiri mbali kuliko muziki. Lilipofika kwetu lilikuwa kama koti la mtumba, lililovaliwa na mtu asiyemjua yule aliyeshonewa. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz Band mwaka 1944, Western Jazz Band mwaka 1959. Tena zikawapo Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, na nyingine. Zote zilijiita jazi, na muziki wao haukuwa ule wa New Orleans. Walipiga rumba na chacha, na kila namna ya dansi iliyopendwa mjini. Tangu mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ya Uingereza ilitoa kwa ajili ya Afrika santuri zenye alama ya GV, na nyingi katika hizo zilikuwa nyimbo za Kuba zilizoimbwa kwa Kispania. Muziki ule wa Kuba ulikuwa na damu ya Afrika, iliyopelekwa huko na watumwa. Basi watu wetu walipousikia hawakuuona mgeni kabisa. Wakajifunza kuupiga kwa sikio, santuri ikizungushwa tena na tena mpaka sindano inaisha.

Kwa hiyo mtu akilichukia neno jazi kwa sababu ya mambo ya Marekani, amelichukia koti bila kumtazama aliyelivaa.

Chama nacho ni cha zamani kuliko jazi. Kabla ya vita vya 1914 ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, ikaingia Tanganyika, na askari na wapagazi wa vita vile wakaieneza bara. Watu wa mji waligawanyika pande mbili, Marini na Arinoti, kila upande una sare zake na wakubwa wake wenye vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Wamisionari wengi waliichukia beni, na watawala waliitilia shaka, maana waliona vyeo wakadhani ni uasi, au ni mzaha wa kuwaiga. Terence Ranger, mwanahistoria, aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hiyo, kilichochapwa mwaka 1975, na mwenye kukisoma ataona kwamba beni ilikuwa pia chama cha kusaidiana. Mtu aliyetoka mbali akaja kufanya kazi mjini, hana mjomba wala shangazi, alipata humo watu wa kumwuguza na kumzika. Hilo wakubwa wetu wa zamani hawakulitazama sana. Beni ilipozeeka, vijana waliosoma, makarani na walimu na mafundi, waliiacha wakashika dansi ya kushikana mikono na kuvaa viatu. Lakini ile desturi ya chama hawakuiacha.

Na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye jambo.

Chama cha jazi hakikuwa kundi la wapiga muziki walioajiriwa. Kilikuwa chama cha wanachama. Mtu aliingia kwa kutoa kiingilio, akaendelea kutoa ada yake, na jina lake likaandikwa katika daftari. Palikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ngoma, tarumbeta, banjo, na baadaye magitaa ya umeme na vipaza sauti, havikuwa mali ya mpigaji wala ya tajiri. Vilikuwa mali ya chama. Mpigaji mwenyewe mara nyingi alikuwa mwanachama kama wengine. Mchana alikuwa karani, au fundi cherehani, au kibarua, na jioni alikwenda mazoezini. Fedha za mlangoni hazikuingia mfukoni mwake zote. Zilirudi katika hazina, zikanunua nyuzi na ngozi za ngoma, zikalipa nauli ya kwenda kupiga mji mwingine, na yeye akapata posho kidogo.

Msomaji wa leo aweza kuona hilo ni jambo dogo. Na akumbuke wakati wenyewe. Mwaka 1944, Morogoro Jazz ilipoanzishwa, Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na Mwafrika wa mjini hakuwa na kura ya kumchagua mtu wa kumtawala. Mkuu wake kazini alipewa tu, na mkuu wake wa mji alipewa tu. Lakini katika chumba kile cha mazoezi, chenye taa ya chemli na viti vya kuazima, aliweza kunyosha mkono kumchagua mweka hazina, na mwezi uliofuata akasimama kumwuliza fedha za mlangoni zimekwenda wapi. Watu waliojifunza kuuliza hivyo hawakusahau. Chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954 kilikuta mijini watu waliokwisha kujua maana ya kadi, ada na mkutano. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wengi wa Dar es Salaam katika TANU tangu mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa ngoma ya bomba, na njia yake ilikuwa kuzungumza na wakubwa wa vyama vya ngoma vya wanawake. Alipompata mkubwa wa ngoma, amewapata na watu wake. Hata mpira ulikwenda njia hiyo. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, ambayo siku hizo haikuitwa Simba bado, ni vyama vya wanachama vilivyozaliwa katika mitaa ile ile na katika miaka ile ile. Wazee wetu wa halmashauri, ambao kila mmoja ana upande wake katika mpira na hauachi hata mbele ya Padre, hawajapata kukataza timu kwa sababu ya jina lake.

Sasa tuje Morogoro.

Mji huu haukuwa mkubwa, lakini reli ilipita, mashamba ya katani yaliuzunguka, na watu wa makabila mengi walikutana humo siku ya mshahara. Ukawa na vyama viwili vilivyoshindana. Morogoro Jazz tumekwisha kuitaja. Cha pili kilitokana na kijana wa mji huo huo, Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, ambaye mwaka 1948 alianzisha bendi iliyokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba. Jina hilo peke yake laonyesha santuri zilizokuwa zikisikilizwa. Ushindani wa vyama hivi ulikuwa na mambo yake ya kitoto, kama ushindani wote wa jirani na jirani. Lakini uliwafanya wapigaji wafanye mazoezi, maana ukipiga ovyo Jumamosi, mtaa wa pili wajua Jumapili asubuhi.

Katika nyimbo za Salum Abdallah sisi twapenda kwanza sauti yake. Haipigi kelele. Huimba kama mtu anayezungumza na jirani yake juu ya ua wa makuti, na Kiswahili chake ni safi, husikilizika neno kwa neno. Wimbo wa namna hii una vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza mwimbaji hueleza habari yake polepole, beti kwa beti, na wenzake humwitikia. Kisha mlango hufunguliwa, mwendo huongezeka, maneno hupungua, na vyombo hutangulia mbele: gitaa la solo, magitaa yanayolijibu, besi, ngoma, tarumbeta. Sehemu hii wenyewe huiita chemko, nalo ni jina zuri, maana ndivyo sufuria inavyofanya. Ni humo katika chemko wachezaji hutoka jasho, na humo ndimo bendi ilipotangaza mtindo wake. Kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina: Western Jazz walikuwa na saboso, Atomic wa Tanga kiweke, Tabora Jazz segere matata, nao wa NUTA Jazz msondo.

Wazee wetu hulaumu chemko. Sisi, kama tukitakiwa kulaumu, twalaumu zaidi chumba cha kwanza. Chemko hakimdanganyi mtu. Ni vyombo vinaongea, na mwenye kuvisikiliza vizuri huona kazi kubwa ya akili, jinsi magitaa matatu yanavyopishana pasipo kugongana, kama wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Bali maneno ya chumba cha kwanza mara nyingi ni membamba. Mpenzi ameondoka, mpenzi na arudi, maadui wanasema, basi, tumemaliza. Ukisikiliza nyimbo 10 za mapenzi za miaka ile kwa mfululizo, ule wa nne huanza kufanana na wa kwanza, na wa tisa hujui kama umekwisha kuusikia. Mtunzi aliyekwisha kuishi katika mji wenye katani, reli, mikutano ya siasa na vifo vya ghafula alikuwa na mengi ya kutunga. Alipoyatunga, twaona tofauti mara moja. Wimbo wa Salum Abdallah wa "Mkono wa Idi" ni salamu ya sikukuu ya Waislamu, nao umepigwa redioni Idi kwa Idi, miaka mingi baada ya mtunzi kufa, hata sisi Wakristo twautambua kwa sauti za kwanza. Ni wimbo gani wa Noeli uliotoka katika chama cha jazi ukakaa hivyo masikioni mwa watu wote? Wenzetu walikuwa ndani ya chama, wakatunga ya kwao. Sisi tulisimama nje tukikemea, na aliye nje hatungiwi wimbo.

Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza, naye alikuwa mtunzi mzuri, lakini wakati ule masikio ya nchi yalikuwa yameanza kugeukia upande wa pili wa mji.

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka ule ule wa 1944 chama chake kilipozaliwa. Aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka kama 20 hivi, na kwa muda mfupi gitaa lake la solo likawa ndilo Morogoro Jazz. Twapenda kueleza upigaji wake kwa mfano wa darasani. Mwanafunzi mwenye pupa, akipewa insha, huandika mambo 20 katika ukurasa mmoja. Mwanafunzi mwenye akili huchukua jambo moja, akalisema. Akalirudia akibadili neno moja tu. Akalirudia tena akibadili jingine. Na unapofika mwisho umelijua jambo lile kwa pande zake zote. Mbaraka alipiga hivyo. Hana haraka. Husema kifungu kidogo cha sauti, akakiacha kidogo kisimame, akakirudia kwa namna nyingine, hata mtu asiyejua muziki huweza kukifuata.

Tena alikuwa na maneno. "Shida" ni wimbo wa mtu maskini kweli kweli, si maskini wa kuigiza. Na Dakta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa mwezi wa Desemba 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo, na habari ile ikafika mahali ambapo gazeti halikufika, ikasikilizwa na watu wasiojua kusoma, ikiwa na majonzi yanayompasa marehemu. Kazi ya namna hiyo twaiita kazi ya mwalimu, na hatuoni haya kusema hivyo. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipelekwa Japani, katika maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka, kupiga kwa ajili ya nchi yetu. Chama kilichoanza kwa ada za wenyeji wa mji mmoja kilifika Osaka. Tulipowasimulia habari hii vijana wa darasa la saba, mmoja alitaka kujua ada ilikuwa senti ngapi. Swali lake lilitupendeza kuliko majibu yetu.

Lakini hatuandiki ili kusifu tu. Daftari lina makosa yake, na moja lilikuwa kubwa.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz, akaunda bendi nyingine, Super Volcano. Magitaa yalikuwa mali ya chama. Vidole vya Mbaraka havikuwa mali ya mtu. Chama kilikuwa na majina mengi katika daftari, lakini sauti iliyokijulisha ilikuwa ya mtu mmoja, na alipotoka siku zake kuu zilikwenda naye. Cuban Marimba ilikuwa imekwisha kuonja jambo hilo hilo kwa kifo. Mbaraka naye alifia barabarani, huko Mombasa, mwezi wa Januari 1979, hajatimiza miaka 35. Tunajiuliza: katika miaka yote ile ya mazoezi, nani alikuwa akifundishwa kumfuata? Kwa nini chama kilichojua kununua gitaa hakikujua kumweka kijana wa miaka 12 karibu na mpigaji mkubwa, ashike gitaa la akiba? Sisi walimu twaliona kosa hili upesi kwa kuwa ndilo kosa letu pia. Kwaya ngapi zimekufa mwalimu wake alipohamishwa?

Tena chama hakikumlisha mpigaji. Ni jambo zuri kupiga muziki kwa mapenzi na posho kidogo ukiwa na miaka 20. Ukiwa na miaka 40, na watoto sita, na santuri yako yapigwa katika kila mtaa, posho ile yageuka tusi. Kwa hiyo ilipotokea njia nyingine wapigaji wengi waliifuata. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, na wapigaji wake wakawa watu wa mshahara kama wafanyakazi wengine. Mashirika mengine yaliiga: polisi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, umoja wa vijana. Ni lazima tuseme bila kuficha kwamba jambo hili laipunguza nguvu hoja yetu. Bendi ile ya mshahara, ambayo nyota yake alikuwa Muhidini Gurumo (alifariki mwaka 2014), imebadili jina pamoja na bwana wake, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, na ingali yapiga. NUTA yenyewe imekufa zamani, bendi yake ipo. Vyama vya wanachama, vilivyokuwa na uhuru na kura na daftari, vimetoweka au vimebaki jina. Mtu akituambia kwamba mshahara hutunza muziki kuliko ada, hatuna jibu fupi la kumpa. Twaweza kumwambia hivi tu: mwenye bendi ya mshahara alikuwa shirika, na aliyecheza dansi akawa mteja, alipe mlangoni aingie, wala hana la kuuliza juu ya hazina. Muziki ulibaki. Kile chumba chenye taa ya chemli hakikubaki.

Kuna na jambo la wanawake. Katika santuri za vyama hivi wanawake huimbwa mno, na wao wenyewe huimba mara chache. Walikuja kucheza, walisifiwa sura, walilaumiwa kwa kuondoka. Kushika gitaa ilikuwa kazi ya wanaume. Na hili si kwa kuwa wanawake wetu hawawezi vyama. Pwani walikuwa na lelemama yao, yenye wakubwa wake na ada zake, na Bibi Titi tumekwisha kumtaja. Jazi iliwapunguzia nafasi waliyokuwa nayo katika ngoma, na hilo sisi twaliona ni aibu yake kubwa kuliko chemko.

Na pombe? Wazee hawakusema uongo. Dansi ililala na baa nyumba moja, ikaamka nayo. Wapo watoto waliokosa sare na madaftari kwa sababu fedha iliishia mlangoni Jumamosi na kaunta usiku ule ule. Hatutaki kulipamba jambo hili. Lakini barua ya vijana wetu ilisema Jumamosi alasiri, ukumbi wa parokia. Haikusema usiku, wala haikusema baa. Mtu aliyekatazwa ukumbi wa parokia atakwenda kujifunza gitaa mahali penye gitaa, na huku kwetu mahali hapo ni pamoja tu, ng'ambo ya daraja, nao wauzaji wa pale hawatamtaka barua.

Tena kuna unafiki kidogo katika jambo hili, nasi tumo. Kwaya yetu wenyewe inapiga magitaa ya umeme kila sikukuu. Na asikilize mtu kwa makini baada ya beti za mwisho, wakati waimbaji wanaporudia neno moja na magitaa yanapoachiwa nafasi, akina mama wakapiga vigelegele: hiki ni nini, kama si chemko? Yule kijana wa solo hakujifunza namna ile seminarini. Amejifunza kwa wale waliojifunza kwa santuri za Morogoro, naye husema kifungu, akakirudia, akabadili kidogo. Wazee wetu hutikisa kichwa kwa furaha, na mmoja wao, yule yule wa katekisimu, tumemwona akigonga fimbo yake sakafuni, kwa mwendo ulio sawasawa kabisa.

Tulimwendea nyumbani kwake jioni moja, kwa heshima, tukamsomea sehemu ya maneno haya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuuliza kama Morogoro Jazz tunayoisema ni ile iliyokuwa ikipiga hapo chini alipokuwa kijana wa katani. Tukasema ndiyo. Akanyamaza, akacheka kidogo, akasema, "Nilikuwa na kadi." Hakutuambia zaidi, na adabu ilitukataza kuuliza.

Wiki iliyopita vijana walileta barua ya pili. Jina wameliacha lile lile. Walisema wakilibadili watakuwa wamedanganya. Lakini safari hii wameambatanisha daftari la mistari, lililogawanywa kwa rula: jina, kiingilio, ada ya mwezi, sahihi ya mweka hazina. Tumewashauri waongeze ukurasa wa wanafunzi wadogo watakaofundishwa gitaa, nao wameuongeza. Yana majina 19, na 7 katika hayo ni ya wasichana, na mweka hazina waliyemchagua ni msichana. Halmashauri itakutana baada ya mavuno ya mpunga. Sisi tutakuwa tumeshika kalamu tena.